MADA: HALIJOTO NA UCHACHUSHAJI
Bia inapochachuka nyumbani wakati wa joto

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(i) kueleza jinsi halijoto inavyoathiri kazi ya hamira;
(ii) kueleza kwa nini chombo cha kuchachushia hupata joto chenyewe;
(iii) kutumia kanuni za fizikia kueleza njia za kukipoza.

1. Uchachushaji ni nini?

Uchachushaji ni upumuaji wa seli usiotumia oksijeni. Hamira, ambayo ni kuvu wa seli moja, huvunja sukari na kutoa ethanoli, kabonidayoksaidi na nishati:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂ + nishati

Katika bia, sukari hutoka kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Bia ya viwandani hutumia zaidi kimea cha shayiri. Mbege ya Kilimanjaro hutumia ndizi mbivu na kimea cha ulezi.

Kazi ya kuvunja sukari hufanywa na vimeng'enya vya hamira. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alionesha kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, yasiyo na seli hai, huchachusha sukari. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

2. Halijoto huathirije hamira?

- *Halijoto ikiwa ndogo:* molekuli huenda polepole, hazikutani mara nyingi na vimeng'enya, na uchachushaji hupungua kasi. Hamira haifi, imelala tu.
- *Halijoto ikipanda hadi nyuzi 30 na zaidi kidogo:* kasi huongezeka.
- *Halijoto ikipita nyuzi 40 hivi:* vimeng'enya huanza kupoteza umbo, sukari haiingii tena mahali pake, na kasi hushuka.

Hapa pana jambo la kushika. Halijoto inayoleta kasi kubwa siyo inayoleta bia nzuri. Hamira nyingi za bia ya juu, yaani bia inayochachuka bila jokofu, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Zikipata joto zaidi, hutoa kwa wingi alkoholi nyingine na esta, na bia huwa na ladha kali inayowasha koo.

3. Joto la ndani ya chombo

Hamira haihifadhi nishati yote inayoitoa kwenye sukari. Sehemu yake hutoka kama joto. Kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzi 28, kimiminika kilicho ndani ya ndoo kinaweza kuwa na nyuzi 31 au zaidi. Joto hilo huongeza kasi ya hamira, na kasi hiyo huzalisha joto zaidi. Mzunguko huu huwa mkali katika siku 2 au 3 za mwanzo, wakati sukari bado ni nyingi.

Ndiyo maana mtengenezaji hupoza maji ya kimea kabla ya kutia hamira, na hupima halijoto ya kimiminika, siyo ya chumba. Kupoza siku ya tano ni kuchelewa, maana ladha mbaya imekwisha kuingia.

4. Njia za kupoza

(a) *Kuweka ndoo ndani ya beseni la maji.* Maji huhitaji joto jingi ili halijoto yake ipande kidogo, hivyo huzuia mabadiliko ya ghafla. Chupa za barafu zikitiwa ndani ya beseni, barafu hufyonza joto inapoyeyuka.

(b) *Kuvika ndoo kitambaa chenye maji.* Maji yanapovukiza huchukua joto kutoka kwenye ndoo. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa kanuni hiyohiyo.

*Hesabu:* Ndoo ina kilo 20 za kimiminika. Gramu 175 za maji zimevukiza kutoka kwenye kitambaa. Kilo 1 ya maji ikivukiza huchukua kJ 2,400 hivi. Chukulia kwamba kimiminika ni sawa na maji (kJ 4.2 kwa kilo kwa nyuzi 1), na kwamba joto lote limetoka kwenye kimiminika.

Joto lililochukuliwa = 0.175 × 2,400 = kJ 420
Kushuka kwa halijoto = 420 ÷ (20 × 4.2) = nyuzi 5

Kwa hali halisi halijoto hushuka pungufu ya hapo, kwa sababu hewa na hamira huendelea kuongeza joto.

5. Swali la mfano

*Ndoo mbili zinazofanana zimevikwa vitambaa vyenye maji, moja Dodoma na nyingine Dar es Salaam, siku ambayo halijoto ya hewa ni sawa. Ipi itapoa zaidi? Eleza. (Alama 3)*

Jibu: Ya Dodoma (alama 1). Hewa ya Dodoma ni kavu, ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi wa bahari (alama 1). Maji huvukiza haraka kwenye hewa kavu, hivyo huchukua joto zaidi kutoka kwenye ndoo (alama 1).

6. Epuka makosa haya

- Usiandike "joto huua vimeng'enya". Kimeng'enya si kiumbe hai, hupoteza umbo. Kinachokufa ni seli ya hamira.
- Usichanganye joto na halijoto. Joto ni nishati. Halijoto ni kipimo cha ukali wake.
- Usiandike "halijoto ikipanda kasi huongezeka" ukaishia hapo. Taja na kikomo, la sivyo utapoteza alama.

Zoezi

1. Chora grafu ya kasi ya uchachushaji dhidi ya halijoto kuanzia nyuzi 0 hadi 60, kisha eleza umbo lake. (Alama 5)
2. Umepewa sukari, hamira, maji, chupa 3, mapulizo 3 na themometa. Panga jaribio la kuchunguza athari ya halijoto. Taja vitu vitatu utakavyoviweka sawa katika chupa zote. (Alama 6)
3. Kwa nini si salama kufunga kabisa chombo chenye bia inayochachuka? (Alama 2)