Mvua si Yetu, Nyasi za Ndama ni Zetu: Kumsoma Epictetus huko Enguserosambu



Kila mwaka, mafrateri wa Falsafa wanapofika kwenye mada ya Wastoiko, darasa huamka. Baada ya majuma mengi ya Parmenides na mjadala wa uwepo, hatimaye wanasikia jambo wanaloweza kulitumia jioni hiyo hiyo bwenini. Na swali huwa lile lile: "Padre, kwani huyu Epictetus alikuwa Mkristo?" Hakuwa. Lakini anayeuliza hivyo ameona kitu, nami napenda tukifuatilie mpaka pale nilipojifunza mwenyewe namna ya kumsoma mwanafalsafa huyu. Sikujifunza darasani. Nilijifunza Enguserosambu, kata iliyoko nyanda za juu za Loliondo, wilayani Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo huko Hierapoli, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo, ambao Mtume Paulo anautaja katika Waraka kwa Wakolosai (4:13). Alikuwa mtumwa. Hata jina lake kwa Kigiriki maana yake ni kitu kilichopatikana, kama mtu anavyosema amepata jembe au mbuzi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Bwana wake, Epaphroditus, alikuwa mtumishi katika ikulu ya Nero mjini Roma, na huko kijana huyu aliruhusiwa kumsikiliza mwalimu Musonius Rufus. Baadaye aliachwa huru. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa mwishoni mwa karne ile ya kwanza, Epictetus alikwenda Nikopoli, Ugiriki, akafungua shule. Yeye hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika aliyoyasikia, akatoa pia muhtasari mfupi unaoitwa Enchiridion, yaani kijitabu cha kushika mkononi. Wamonaki wa Mashariki walikipenda kijitabu hicho kiasi cha kukinakili kwa matumizi yao, na palipotajwa Socrates wakaweka jina la Paulo. Kwa hiyo frateri anayeuliza kama Epictetus alikuwa Mkristo ana wenzake wa zamani sana!

Fundisho lake la msingi ni hili. Yapo mambo yaliyo katika uwezo wetu, na yapo yasiyo katika uwezo wetu. Katika uwezo wetu kuna hukumu tunayoitoa moyoni juu ya mambo, tunachokitaka, tunachokikwepa, tunachoamua kutenda. Nje ya uwezo wetu kuna mwili, mali, sifa na vyeo. Anayeyakamata ya nje kana kwamba ni yake atalia na kulaumu watu na kumlaumu Mungu. Anayeshika yaliyo yake, hakuna wa kumlazimisha.

Maneno haya nilikuwa nayo kichwani, yakiwa bado ya moto kutoka kwenye mtihani, nilipotumwa Loliondo kwa mwaka wangu wa uchungaji. Ilikuwa 2009. Wanaokumbuka ukame wa mwaka ule katika Umasaini hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba kazi ya kwanza ya wanaume kila asubuhi ilikuwa kuwainua ng'ombe. Ng'ombe aliyedhoofika akilala usiku hawezi kusimama mwenyewe; mmoja humshika mkia, wengine ubavuni, wanamsimamisha, naye anatetemeka kwanza kabla ya kupiga hatua. Siku anapoinuliwa mara tatu na kuanguka mara tatu, wanamwacha. Ngozi zilijaa kwenye ua wa kila boma.

Mwezi wa Oktoba nilimtembelea mzee mmoja aliyekuwa amepoteza karibu kundi lake lote, pamoja na ndama wote wa mwaka ule. Nilimwamkia, nikaketi, nikanywa chai isiyo na maziwa, jambo ambalo katika boma la Wamasai linasema yote. Kisha nikafungua kinywa. Nikamwambia: "Mzee wangu, haya ni mapenzi ya Mungu. Hayako mikononi mwetu." Nilidhani nimemfariji, na tena kwa falsafa.

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Frateri, mvua ni ya Engai. Hilo usinifundishe." Msomaji asiyejua Kimaa afahamu kwamba neno Engai ni jina la Mungu, na neno hilo hilo hutumika kwa mvua. Kwa hiyo nilikuwa nimesafiri njia ndefu kumweleza mtu jambo ambalo lugha ya mama yake ilimfundisha akiwa mgongoni. Akaendelea: "Lakini alalili tuliifungua sisi."

Alalili ni sehemu ya malisho iliyo karibu na maboma, ambayo hutengwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Haiguswi mpaka wazee wakubaliane. Mwaka ule, akanieleza, mtu mmoja mwenye ng'ombe wengi aliomba katika mkutano ifunguliwe mapema, miezi miwili kabla. Wazee walijua si sawa. Yeye pia alijua, na alikuwa na neno tayari mdomoni. Lakini alikuwa na deni kwa mtu yule, akalimeza. Alalili ikafunguliwa, makundi makubwa yakaingia, na ilipofika Septemba ndama hawakuwa na kitu.

"Ndama wangu wamekufa kwa neno nililolimeza," alisema. "Usimpe Engai deni langu."

Sikuwa na jibu. Nilirudi parokiani jioni ile nikakifungua tena kijitabu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nilikuwa nikikisoma kwa kukipindua. Nilichukua ule upande wa yasiyo yetu, nikaugeuza kuwa blanketi la kufunika kila msiba. Upande mwingine nikaupita haraka, kwa sababu ulionekana mfupi na rahisi. Kumbe huo ndio mgumu. Epictetus angekuwa upande wa mzee, si upande wangu. Mvua, bei ya ng'ombe mnadani, hasira ya tajiri, haya si yetu. Lakini kusema au kunyamaza katika mkutano, hakuna mali ya mtu iliyo yake zaidi ya hiyo. Mtumwa huyu mwenye mguu mbovu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hata mfalme anaweza kuufunga mguu tu, hawezi kuyafunga maamuzi. Fundisho la namna hiyo halimpunguzii mtu mzigo. Linamwonyesha mzigo upi ni wake.

Nasema hili kwa sababu sisi wa Kanisa tuna hatari ya pekee hapa. Katika mazishi yetu, "mapenzi ya Mungu" hutamkwa upesi mno. Mtoto amecheleweshwa siku nne kupelekwa zahanati kwa sababu baba hakutaka kuuza mbuzi. Mama mjamzito amefariki njiani kwa sababu kijiji kimezungumzia gari miaka mitatu bila kuchanga. Padre au katekista anaposema pale kaburini kwamba Mungu amependa iwe hivyo, anamtwika Mungu deni la watu. Sisemi tuwahukumu wafiwa siku ya msiba. Siku hiyo ni ya kukaa nao. Nasema tusimsingizie Mungu. Na upande wa pili wapo waamini wanaobeba yasiyo yao kabisa. Mama aliyemlea kijana wake kwa jasho na sala, kijana akaishia kwenye pombe, anakuja kitubio kila mwezi kuungama ulevi wa mwanawe. Huyu naye anahitaji kusaidiwa kuuona mpaka.

Hata hivyo, tusimfuate Epictetus kila aendapo. Anashauri kwamba unapombusu mtoto wako ujikumbushe kuwa unambusu mtu atakayekufa, ili akifa usitikisike. Mafrateri wangu huwa nawaomba wasiipeleke sentensi hiyo kwenye matanga ya mtu yeyote. Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha tisa cha Mji wa Mungu, anasimulia kisa alichokisoma kwa mwandishi Aulus Gellius. Mwanafalsafa Mstoiko alikuwa safarini baharini, dhoruba ikapiga, naye akabadilika rangi kwa hofu kama abiria wengine. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja akamdhihaki: ilikuwaje mwanafalsafa aogope? Baadaye Gellius alipomwuliza kwa heshima, Mstoiko yule alitoa mkobani kitabu cha mafundisho ya Epictetus, akamwonyesha kwamba mshtuko wa kwanza hauko katika uwezo wetu. Kilicho chetu ni kuukubali au kuukataa baadaye. Augustino anakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba hata Wastoiko hawakuwa mawe. Kisha anakwenda mbele yao: kwa Mkristo swali si kama moyo umetikisika, bali umetikiswa na nini. Kumhurumia aliye taabuni si ugonjwa wa roho. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anawapinga Wastoiko waziwazi kwamba huzuni inaweza kukaa pamoja na fadhila. Na juu ya hao wote yupo Bwana wetu aliyelia kaburini kwa Lazaro (Yn 11:35), na ambaye bustanini aliomba kikombe kimwepuke kabla ya kuyakabidhi yote kwa mapenzi ya Baba (Lk 22:42). Mstoiko hulikubali tu lisilo lake. Mkristo huruhusiwa kuliomba kwanza.

Kuna jambo jingine, na hili nililiona Enguserosambu wazi kuliko katika vitabu. Neno la Kigiriki analotumia Epictetus liko katika wingi: yaliyo katika uwezo *wetu*. Kwa kweli yeye alimaanisha uwezo wa kila mtu peke yake, ndani ya moyo wake. Mtumwa wa Roma hakuwa na mkutano wa kijiji wa kusimama na kusema. Lakini katika kata ile kuna msitu, wenye mitarakwa na chemchemi, ambao vijiji vinautunza kwa pamoja. Mtu mmoja akiamua kutokata mti, chemchemi haiponi, jirani atakata. Kwa mtu mmoja, basi, chemchemi iko upande wa yasiyo yake. Wazee wakikaa, wakakubaliana wapi watu wapite na mifugo, nani aruhusiwe kukata na kwa kazi gani, na anayevunja atozwe nini, chemchemi ile ile inavuka mpaka. Inakuwa yetu. Mafrateri wanapochora ule mgawanyo wa Epictetus katika daftari, huchora safu mbili. Mimi huwataka wachore ya tatu katikati, ya mambo nisiyoyaweza mimi lakini tunayaweza sisi. Ajabu ni kwamba safu hiyo ndiyo hujaa haraka.

Loliondo ilikuwa imemfundisha mmisionari mmoja somo la jirani na hili muda mrefu kabla yangu. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifanya kazi huko katika miaka ya 1960, na aliyaandika katika kitabu kilichotoka 1978. Anasimulia kwamba ulipofika wakati wa ubatizo katika boma moja, alianza kuwachambua watu: huyu amehudhuria vizuri, yule amekuwa mvivu, huyu hajaelewa. Mzee wa boma akamkatiza. Wepesi walikuwa wamewasaidia wazito njia nzima, kwa nini Padre awavunje sasa? Alitaka jumuiya yote isimame pamoja na kuungama imani kwa wingi. Padre Donovan alikubali, na anakiri kwamba mzee alikuwa amemfundisha kitu.

Kuhusu mazoezi ya kila siku nitasema kwa kifupi tu, maana mafrateri mnayo tayari. Seneca, Mstoiko mwingine, anaeleza kwamba usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akinyamaza, aliipitia siku yake yote na kujihoji bila kujificha lolote. Sisi tunatafuta dhamiri kabla ya Sala ya mwisho wa siku. Tofauti ni kwamba Seneca alijihukumu mwenyewe na kujisamehe mwenyewe. Jaribuni kwa juma moja kuuliza swali moja tu katika utafutaji huo: leo nimemeza neno gani? Matokeo ya mtihani, barua ya Askofu ya mahali pa kupangiwa, maoni ya walezi juu yako, yaache yapite. Swali hilo litakutosha.

Mvua zilirudi mwishoni mwa mwaka ule, nyingi hata barabara zikakatika. Juni 2010, majuma mawili kabla sijaondoka, mzee yule aliniita niketi nyuma katika mkutano wa malisho. Yule mwenye ng'ombe wengi alisimama tena na kuomba lile lile, alalili ifunguliwe mapema. Kisha mzee wangu akasimama na fimbo yake. Kimaa changu kilikuwa kidogo, lakini nilisikia akitaja ndama mara nyingi, na nilimwona yule mwingine akitazama chini. Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama. Mwishowe wakakubaliana kufungua nusu.

Tukiwa njiani nilimwuliza kama ameridhika na nusu. Alitembea kidogo, akanijibu kwamba hilo niwaulize ndama mwezi wa kumi.