Somo: Reli Iliyolala Haijafa

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Baadaye treni za abiria zilisimama kwa zaidi ya miaka 20, nyasi zikaota. Desemba 2019 zilirudi, zikitoka Dar es Salaam.

Jijini nako, Oktoba 2012, treni ya kwenda kazini, “treni ya Mwakyembe”, ilianza kati ya Stesheni na Ubungo juu ya reli ya zamani. Njia ikivamiwa, huduma hurudi kwa shida.

Basi tusijenge, tusilime wala tusing’oe vyuma vya reli. Kabla ya kuvuka tusimame, tutazame, tusikilize.

Tujadiliane:
1. Watoto wetu huvukia reli wapi?
2. Jirani anayelima kando ya reli kwa kukosa shamba, tumsaidieje?