Mithali za Al-Inkishafi na Namna ya Kuzisoma

Ndugu zetu wa Makongeni na Ruiru wanaohudhuria darsa wametuuliza mara kwa mara: je, yafaa Mwislamu kupitisha wakati wake katika mashairi, ambamo mtungaji husema dunia ni bahari na hali dunia si bahari, na husema umri ni taa na hali umri si taa? Wengine wamezidi wakasema kwamba hayo ni uongo mtupu, na hoja yao ni Sura ya Ash-Shuaraa iliyowalaumu washairi. Swali hili si dogo. Likijibiwa vibaya, kijana wetu ataitupa hazina ya lugha yake, au ataibeba asijue alichokibeba. Basi tumeona bora tulijibu kwa utenzi mmoja ujulikanao, nao ni Al-Inkishafi.

Ama hiyo Sura, haikuishia kwenye lawama. Mwisho wake imewatoa lawamani walioamini na kutenda mema na kumkumbuka Mungu kwa wingi. Na Mtume s.a.w. mwenyewe alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyemtetea kwa ulimi. Hapo hatuoni haja ya kurefusha maneno.

Neno la kwamba mithali ni uongo ndilo linalohitaji kuangaliwa. Wanachuoni wa balagha wamekwisha kulipambanua zamani. Mwongo hujitahidi kuuficha uongo wake usijulikane. Msema mithali huweka alama ya wazi, nao huiita karina, ili msikiaji asipotee. Mtu akikuambia amemwona simba akihutubu juu ya mimbari, mimbari ndiyo karina: simba wa mwituni hahutubu, basi umekwisha kujua kuwa asemwaye ni mtu shujaa. Akitaja vitu vyote viwili na kuvifananisha, hiyo ni tashbihi. Akikiacha kimoja na kukitia kingine mahali pake, hiyo ni istiara. Kweli, wanachuoni hawakuafikiana juu ya jina la majazi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikataa kuyagawa maneno mafungu mawili, ya hakika na ya majazi. Lakini hata yeye hakusema kwamba Kurani haina mithali, na ni nani awezaye kusema hivyo?

Tazameni buibui katika Sura ya Al-Ankabut. Watu wengi hudhani kwamba kilichokusudiwa ni wembamba wa uzi wake. Kilichokusudiwa ni nyumba isiyofanya kazi ya nyumba: haizuii jua, haizuii baridi, na mwenyewe ameridhika nayo. Mwenye kushika mlinzi asiye Mungu ana nyumba namna hiyo. Msikilizaji wa Makka hakuhitaji kufundishwa buibui ni nini, maana alikuwa akimwona pembeni mwa ukuta wake. Hiyo ndiyo nguvu ya mithali: humtoa mtu katika jambo lisiloonekana, ikamtia katika jambo alilolizoea macho yake, na akili ikatulia hapo. Abdulqahir al-Jurjani, imamu wa elimu hii katika karne ya 11, ameyafungua mambo haya katika Asrar al-Balagha, na atakayekipata kitabu hicho akisome.

Sasa tuje kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Alikuwa mtu wa Pate, akaishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa mji wa biashara na utajiri mwingi; kisha vita na fitina za watawala zikaudhoofisha, na baada ya vita vya Shela katika miaka ya 1810, ambamo watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate, nguvu za mji huo hazikurejea. Utenzi wake uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, beti za mistari minne minne. Mwaka 1915 ulichapwa ndani ya kitabu cha Stigand cha lahaja za Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Taylor, na mwaka 1939 Hichens akautoa peke yake huko London. Na jambo la kushikwa kabla ya yote ni kwamba mtungaji hahutubu watu. Anausemesha moyo wake mwenyewe.

Anauambia moyo kwamba dunia ni bahari yenye mawimbi na miamba. Ni kisima alichokisimamia ng'ombe mkali, kila asogeaye kunywa hupigwa pembe. Ni vumbi linaloonekana katika mwali wa jua. Ni mangati, yale maji ya uongo ayaonayo mwenye kiu jangwani, na hii ameitoa katika Sura ya An-Nur. Msomaji wa haraka atasema mithali nne zimesema jambo moja. Hazikusema jambo moja. Bahari ipo, na mtu huweza kusafiri juu yake, ila ina hatari. Maji ya kisima nayo yapo, ila huyapati. Vumbi laonekana, ukilifumbata mkono hukuti kitu. Mangati hayapo kabisa, na kiu yako ndiyo iliyoyaumba. Kila mithali imepunguza kitu katika dunia, mpaka kikabaki kiu peke yake, nacho kimo ndani ya mwenye kutazama. Lau angalisema kwa ufupi kwamba dunia hupita, nani angalibisha? Sote hukubali neno hilo, kisha tukaenda sokoni kama kwamba hatukulisikia.

Kisha huzitaja nyumba za mabwana wa Pate baada ya wenyewe kuondoka. Hapa vijana wetu wa bara hukwama, wala si aibu, maana hawakuviona vitu vitajwavyo. Kijana mmoja darsani alidhani kidaka ni kidaka cha nazi, akashangaa ndege kulala ndani yake. Zidaka hizi ni vishubaka vilivyojengwa kwa chokaa katika kuta za nyumba za Pate na Lamu, na humo hupangwa sahani za kauri zilizotoka Uchina na vitu vingine vya fahari. Mtungaji asema mahali pa sahani sasa wamelala makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, bundi anakoroma, mende na nyenje wanalia kumbini.

Kwa maoni yetu, siri ya beti hizo ni kwamba nyumba si tupu. Mtungaji mdogo angalisema tupu. Yeye ameijaza wakazi, kila mmoja mahali pake kama walivyokuwa wageni wa zamani, na sauti zao zimeshika nafasi ya mazungumzo. Nyumba imepangishwa tena, na aliyedhani ni yake alikuwa mpangaji kama popo. Mwenye kuishi Thika asiyepata kuiona Pate na aitazame ghala ya kiwanda kilichofungwa, njiwa wakiwa juu ya vyuma vya paa. Na vumbi la jua ataliona asubuhi katika mwali upenyao kwenye tundu la bati. Atafahamu. Lakini asiseme kwamba mshairi alikusudia kiwanda.

Na hapa twataka kuwaonya wale wanaozisoma beti hizi wakalia kwa ajili ya ukubwa wa wazee waliopita, wakatoka na kiburi cha nasaba. Hao wamezililia sahani. Magofu katika Al-Inkishafi ni shahidi aliyeletwa mbele ya moyo ili ukubali, na mwenye kumpenda shahidi akasahau kesi hakusikiliza. Kadhalika wale wanaotafuta maana ya siri katika kila ua na kila mnyororo uliochongwa katika milango ya Unguja na Lamu, wakasema hili ni riziki na ule ni ulinzi. Aya na mwaka wa Hijra vilivyochongwa juu ya kizingiti husomeka, na mwenye mlango alitaka visomeke. Ua lisilo karina ni ua zuri, yatosha.

Tumalizie kwa neno moja tu la utenzi huu, nalo ni taa. Katika habari za fahari ya Pate, nyumba zilimeremeta kwa taa za kioo na za shaba, hata usiku ukawa kama mchana. Mahali pengine moyo huambiwa kuwa wenyewe ni taa iliyowekwa mbele ya upepo: sasa waiona ikipepea, kisha imezimika, wala hapana wa kuizuia. Taa za kule nyumbani ni taa kwelikweli, zilizonunuliwa kwa mali. Hii nyingine ni mithali. Aliyezisoma zote mbili hawezi tena kuzitazama zile za shaba kwa macho yale yale, maana amekwisha kujua kwamba kila aliyeketi katika mwanga wake alikuwa na taa nyingine, na upepo ulikuwa ukivuma.