Dondoo muhimu: Sororiti na chumba, mwaka wa kwanza Marekani

Anza na chumba. Vyuo vingi vya Marekani huwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza walale bwenini, na nyumba ya sororiti, chama cha wasichana wanaoitana dada, kwa kawaida ni ya mwaka wa pili na kuendelea. Omba bweni mapema.

Mtego uko kwenye mikataba. Sororiti nyingi zenye nyumba humtaka mwanachama aishi humo angalau mwaka mmoja, huku wenye nyumba za kupanga wakianza kusainisha wapangaji wa mwaka ujao miezi mingi kabla. Ukisaini kote kuwili, utalipia vitanda viwili. Mzazi anayetuma pesa kutoka Mwanza au Mombasa hastahili pigo hilo. Uliza kabla ya kukubali mwaliko wa kujiunga na sororiti, na utake jibu la maandishi. Omba pia orodha ya ada zote.

Kalenda ya kusajili wanachama wapya hutofautiana. Sororiti nyingi za Chuo Kikuu cha Alabama husajili Agosti. Vyuo vingine hungoja Januari. Sororiti za Weusi, mfano Alpha Kappa Alpha iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, kwa kawaida hutaka uwe umeshamaliza sehemu ya masomo, tena kwa alama nzuri.

Ukilazimishwa kunywa pombe au kudhalilishwa ili ukubaliwe, ondoka, ukaripoti. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze matukio hayo hadharani. Soma ripoti ya chuo chako kabla hujachagua.