HAKI YA MGONJWA WA SIKU NYINGI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu Waislamu, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume amezitaja haki tano za Muislamu juu ya nduguye: kuitikia salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, na kumwombea rehema apigaye chafya. Haki ya jeneza twaitimiza vyema. Haki ya mgonjwa twaitimiza nusu.

Mtu akishikwa na homa, nyumba hujaa wageni. Ugonjwa ukipita mwezi, kisha mwaka, wageni hukatika mmoja mmoja. Si kwa uadui. Kila mmoja huona hana jipya la kuuliza. Mgonjwa hubaki akizisikia sauti za barazani, wala hapana amwitaye.

Sababu moja ni kuwa desturi zetu zimejengwa juu ya maradhi mafupi. Kijana aliyepatwa na kisukari kikali alikuwa hakawii kufa, mpaka mwaka 1922, ilipoanza kutumiwa dawa ya insulini. Leo huishi miaka mingi. Na ambaye figo zake zimeshindwa kazi huenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki kusafishwa damu, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Mwenyezi Mungu amewarefushia watu hawa umri. Sisi hatujaurefusha udugu wetu.

Tazama hali ya mwenye kisukari. Mwezi wa Ramadhani, akiwa amekatazwa na tabibu kufunga, hula jikoni kwa kujificha kama mwizi, kwa kuogopa ndimi za watu. Ilhali Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa, na wanavyuoni wamesema asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku. Aliyeruhusiwa na Mola wake, ni nani wa kumwaibisha? Harusini akiikataa halua huambiwa ana maringo. Na wako wamwambiao kuwa ana jini, aziache dawa aende kwa mganga. Akizidiwa, washauri hao hawaonekani tena.

Husemwa: na asubiri kama Nabii Ayyub. Ni kweli. Lakini someni Suratul-Anbiyaa, aya ya 83 na 84. Ayyub hakuyaficha madhara yake. Alimlilia Mola wake. Na rehema aliyoipata haikuwa kuondolewa madhara peke yake, bali alirudishiwa na watu wake. Basi vipi sisi tumwombee mgonjwa afya, na hali watu wake ndio sisi, nasi hatumrudii?

Yatupasayo ni haya:

Kwanza, watu watatu au wanne wa msikiti mmoja wagawane siku, asipitiwe na wiki bila ya mgeni. Kikao kiwe kifupi.

Pili, tusimhoji juu ya ugonjwa kila siku. Tumpe habari za mji, tumtake shauri, tumpe kazi aiwezayo, kama kumsomesha mtoto.

Tatu, tufuatane naye hospitali, na wanawake wamtazame mkewe anayemwuguza, kwani naye amefungika ndani.

Nne, tumwekee kiti katika safu. Imran bin Huswein alikuwa na bawasiri, na Mtume akamfundisha kuswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Hapana aibu katika alilolifundisha Mtume.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumzuru mja Wake fulani alipougua, na kumjulisha kuwa lau angalikwenda, angalimkuta Yeye huko. Ndugu yangu, katika swali hilo hakukutajwa ugonjwa wa wiki moja wala wa miaka ishirini. Basi mfikirie uliyeacha kwenda kwake, nawe umwendee leo baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.