Mwalimu Kafuzu Mtandaoni, Mtoto Je?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia swali linaloonekana jepesi: mwalimu wa shule ya msingi akisomea moduli kwenye simu au kishikwambi, ufundishaji wake unabadilika? Na mtoto je, anasoma vizuri zaidi? Tangu ije MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania iweke moduli mtandaoni, swali hilo limekuwa la fedha nyingi. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Mfumo unahesabu waliomaliza, si waliojifunza

Ukifika ofisini, ripoti ya kwanza utakayokabidhiwa ni ya waliojisajili na waliopata vyeti. Ipokee, shukuru, kisha omba kumbukumbu za saa walizoingia kwenye mfumo. Katika shule moja niliona karibu walimu wote wamefanya jaribio la moduli usiku uleule, wakipishana dakika chache, alama zinafanana. Kijana mmoja mwenye simu nzuri na bando aliwafanyia wenzake. Hakuna aliyeficha. Mwalimu mmoja mtu mzima aliniambia, “Mwanangu, maandishi yale madogo siyaoni, na majina yanatakiwa wilayani Ijumaa.”

Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa hatua nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na matokeo yake ni yapi. Ripoti nyingi nilizosoma huishia hatua ya kwanza. Zikijitahidi sana, ya pili.

2. Ziara ya kwanza darasani ni maonyesho

Andalio la somo lipo, zana zimebandikwa ukutani, watoto wamekaa kwa vikundi. Nenda tena na tena, mpaka wakuzoee na mwalimu arudi kwenye ufundishaji wake wa kila siku. Hapo tazama madogo. Anamsubiri mtoto ajibu, au anamalizia jibu mwenyewe? Wa madawati ya nyuma wanaulizwa? Madaftari ya wiki iliyopita yamesahihishwa?

3. Mpe mtoto maandishi asiyowahi kuyaona

Binti mmoja wa Darasa la Pili alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chao bila kukwama, sauti imenyooka, mwalimu wake anatabasamu. Nikaona kidole chake kiko mstari wa tatu ilhali mdomo umeshafika wa tano. Nikaandika kwenye karatasi sentensi moja fupi kwa maneno yaleyale ya kitabuni, ila nimeyapanga upya. Akaitazama muda mrefu, kisha akamtazama mwalimu.

Tangu hapo siamini usomaji wa darasa zima kwa pamoja. Mtoto anapimwa peke yake, kando, kwa aya mpya. Ni kazi ya kuchosha na inakula siku, lakini sijaona njia ya mkato.

4. Tafuta shule za kulinganisha nazo

Anayejitolea kusoma kozi mtandaoni mara nyingi alikuwa mwalimu hodari hata kabla ya kozi. Ukimlinganisha na asiyejitokeza, unapima bidii yake, hupimi kozi. Afadhali shule zigawanywe kwa bahati nasibu: hizi zianze mwaka huu, zile mwaka ujao. Na orodha ya walimu iangaliwe kila muhula, maana uhamisho unaweza kukuachia shule ya utafiti ambayo mwalimu wake aliyefunzwa yuko mkoa mwingine.

5. Barua zianze mapema

Kibali cha kuingia shuleni kinapita TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), mkoa, wilaya, kata. Na Septemba usiende. Shule ziko kwenye mtihani wa Darasa la Saba.

6. Mwalimu anahitaji mtu wa kumfuata darasani

Hapa wapenzi wa teknolojia huninunia. Jacobus Cilliers, Brahm Fleisch na wenzao walifanya utafiti katika shule 180 za Mpumalanga, Afrika Kusini, wakauchapisha mwaka 2022. Kundi moja la walimu lilisaidiwa kufundisha Kiingereza na mkufunzi aliyewatembelea darasani. Jingine lilielekezwa kwa mbali, kwa tableti na simu. Mwaka wa kwanza makundi yalikwenda sambamba. Baada ya miaka mitatu, wakilinganishwa na shule zisizosaidiwa na kwa kipimo cha mchepuko sanifu, watoto wa kundi la kutembelewa walipanda 0.31 katika kuzungumza Kiingereza na 0.13 katika kusoma. Wa kundi la mbali walipanda 0.12 katika kuzungumza. Katika kusoma, hakuna kitu.

Si hilo tu. Watoto wa kundi la mbali walishuka katika kusoma lugha ya nyumbani, kwani Kiingereza kilikula muda wa lugha hiyo. Tableti hazikuwa tatizo. Kilichopungua ni mtu wa kuja darasani, akaona, akauliza, akasaidia.

Ndiyo maana sasa kila mwalimu namuuliza: ulipoanza mbinu hii mpya, uliacha nini? Dodoso nyingi hazina swali hilo. Na ndiyo maana katika MEWAKA nazitazama zaidi jumuiya za kujifunza, pale walimu wa shule moja wanapokaa pamoja, kuliko mfumo wa mtandaoni wenyewe. Zinapokutana kweli, moduli huzungumzwa. Zinapokutana kwenye karatasi ya mahudhurio tu, moduli hubaki kwenye simu.

Kama unaandaa utafiti wa namna hii, fedha za kuwapima watoto ziandike kwenye bajeti kabla ya posho za warsha, na uzilinde. Ndizo hukatwa kwanza.