Kutengeneza Vipuri vya Metali kwa Leza

Umeshasoma njia mbili za kuipa metali umbo: kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu, na kukereza, yaani kupunguza kipande hadi kifikie umbo linalotakiwa. Njia ya tatu ni ya kuongeza. Kipuri hujengwa tabaka juu ya tabaka, kwa unga wa metali unaoyeyushwa na leza.

Hatua

1. Umbo huchorwa kwa kompyuta, kisha programu huligawa katika matabaka membamba.
2. Chumba cha mashine hujazwa gesi ya argoni.
3. Unga husambazwa juu ya bamba kwa unene wa takriban milimita 0.03.
4. Leza hupita panapotakiwa tu. Unga huyeyuka, huganda na kushikamana na tabaka la chini.
5. Bamba hushushwa kidogo, unga mwingine husambazwa, na kazi hurudiwa.
6. Kipuri hupashwa joto katika tanuri, kisha hukatwa kutoka kwenye bamba.

Sababu

Usikariri hatua ukaziacha sababu. Argoni haimenyuki na metali, hivyo hutumika kuiondoa oksijeni ambayo ingeiharibu metali ya moto. Tanuri nayo ina kazi yake: metali iliyoyeyushwa hupoa haraka na kusinyaa bila usawa, ikabaki na mkazo ndani. Kipuri kikikatwa kabla ya mkazo huo kupunguzwa, huweza kujipinda.

Mfano

Kinyunyizi cha mafuta cha injini ya ndege ya LEAP, kilichobuniwa na kampuni ya GE ya Marekani, kingehitaji kuunganishwa sehemu 20. Kwa leza huundwa kikiwa kipande kimoja, na uzito umepungua kwa asilimia 25.

Swali

Kipuri chenye kimo cha milimita 60 kinajengwa kwa matabaka ya milimita 0.03. Kila tabaka huchukua sekunde 9. Tafuta muda wa kazi yote.

Jibu

Idadi ya matabaka = 60 ÷ 0.03 = 2,000
Muda = 2,000 × 9 = sekunde 18,000 = saa 5

Zingatia

Saa 5 kwa kimo cha sentimita 6! Ndiyo maana kalibu haijaachwa. Ukiulizwa uchague njia, tazama umbo kwanza. Umbo rahisi linalohitajika kwa wingi, chagua kusubu. Umbo lenye mifereji ya ndani isiyofikiwa na kisu cha mashine, chagua leza. Kisha toa sababu.